Simu ya baharia: Mpaka wa gharama ambao Afrika Mashariki haijaufuta

Mpango wa Eneo Moja la Mtandao ulipoanza kutekelezwa mwishoni mwa mwaka 2014, msafiri wa Kigali, Nairobi au Kampala alipata nafuu aliyoingoja kwa muda mrefu. Kenya, Rwanda, Uganda na Sudan Kusini, kupitia miradi ya Ushoroba wa Kaskazini, ziliondoa gharama ya kupokea simu kwa mtu aliye katika nchi jirani na kuweka ukomo wa senti 10 za dola ya Marekani kwa kila dakika ya kupiga. Mfanyabiashara akavuka Busia au Gatuna na laini yake ya nyumbani bila kuhangaika kutafuta nyingine.

Mpango huo, hata hivyo, ulibuniwa kwa ajili ya watu wanaosafiri kwa basi, lori na ndege. Kwa baharia anayeng'oa nanga Kilindini, fundi anayepelekwa kwenye mtambo wa gesi ulio katikati ya maji, au kijana wa Tanga aliyepata ajira kwenye meli ya watalii, mpaka wa gharama za simu bado uko palepale. Tena ni mpaka usioonekana. Hauna kizuizi, hauna afisa wa uhamiaji wala bango la kumkaribisha mgeni. Simu huuvuka yenyewe, mwenye nayo akiwa amelala.

Anapoamka, huenda salio lote limekwisha. Akiwa na laini ya kulipia mwisho wa mwezi, huenda ameshatengeneza deni linalozidi mshahara wake.

Mtandao usio na nchi

Ili kuelewa jinsi hilo linavyotokea, ni vyema kuanza na mnara wa nchi kavu. Mfumo wa kawaida wa GSM, ambao ndio msingi wa simu nyingi za Afrika Mashariki, hauwezi kumhudumia mtu aliye zaidi ya kilomita 35 kutoka mnara ulipo. Kwa vitendo umbali huo mara nyingi huwa mfupi zaidi, kwa sababu minara mingi imeelekezwa kwenye makazi ya watu na si kwenye mawimbi. Meli ikishatoka nje ya bahari ya nchi, yaani maili 12 za baharini au takriban kilomita 22 kutoka ufukweni, mawimbi ya simu huanza kukatika.

Hapo ndipo mtandao mwingine huingia. Meli nyingi kubwa za abiria, baadhi ya feri na mitambo ya mafuta na gesi zina minara midogo ndani yake, iliyofungwa kwenye korido na sitaha. Minara hiyo imeunganishwa na dishi lililo juu ya meli, na dishi huzungumza na setilaiti. Setilaiti za mtindo wa zamani hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Mawasiliano hupanda hadi huko, hushuka kwenye kituo cha ardhini katika nchi fulani, kisha ndipo huingia katika mtandao wa dunia.

Simu ya baharia haijui habari hizo zote. Inachoona ni mtandao wenye nguvu, na kama romingi imeruhusiwa, yaani kutumia laini ya nyumbani kwenye mtandao wa ugenini, inajiunga mara moja. Kwa kawaida kila nchi ina namba yake ya utambulisho katika mitandao ya simu: Kenya ni 639, Tanzania 640, Uganda 641. Mitandao ya melini imepewa namba 901, ambayo Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) limeitenga kwa mitandao isiyo na nchi.

Kutokuwa na nchi ndiko kunakoleta matatizo ya bei. Mtandao wa 901 haumo ndani ya Kenya, Tanzania wala Rwanda, kwa hiyo ukomo wa senti 10 hauugusi. Mwenye mtandao wa meli huitoza kampuni ya nyumbani bei ya jumla, kampuni ya nyumbani huongeza yake, na jumla hiyo humwangukia mwenye simu. Bando alilonunua nyumbani halitambuliki huko.

Hesabu ya mshahara mmoja

Bei hutofautiana kati ya kampuni moja na nyingine, lakini hesabu ya mfano inatosha kuonyesha uzito wa jambo lenyewe. Tuseme kampuni inatoza dola 5 kwa kila MB moja ya data inayotumika kupitia mtandao wa meli. Simu ya video huweza kula MB 5 kwa dakika. Baba anayezungumza na watoto wake kwa nusu saa atakuwa ametumia MB 150, sawa na dola 750.

Sasa linganisha na kipato. Kima cha chini cha mshahara wa baharia mwenye ujuzi, kilichokubaliwa chini ya Shirika la Kazi Duniani (ILO), kilikuwa dola 673 kwa mwezi kuanzia Januari 2025. Kwa bei hiyo ya mfano, mazungumzo ya nusu saa yanameza mshahara wa msingi wa mwezi mzima na kumwacha baharia na deni juu yake.

Kibaya zaidi, si lazima awe ameongea na mtu. Simu za kisasa hufanya kazi zikiwa mfukoni. Programu hujisasisha, picha hupandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, na makundi ya familia na ya harusi hushusha video ambazo hakuna aliyeziomba. Nyumbani, kwenye bando la wiki, mambo hayo hayaonekani. Baharini kila kimoja kina bei.

Wafanyakazi wengi wa Afrika Mashariki wana kinga moja ambayo hawakuitafuta: laini ya kulipia kabla. Salio likiisha, huduma hukatika, na hasara huishia hapo. Walio hatarini zaidi ni wenye laini za mkataba: maofisa wa meli, mafundi wa kampuni za gesi, wasimamizi wa mizigo. Hata hivyo, mwenye laini ya kulipia kabla naye hupoteza kitu. Salio alilojiwekea kwa ajili ya dharura huweza kuyeyuka usiku wa kwanza, naye akabaki bila njia ya kupiga simu siku msiba unapotokea nyumbani.

Dishi moja, bili mbili

Wafanyakazi wapya wengi hawaelewi tofauti kati ya Wi-Fi ya meli na mtandao wa simu wa meli. Vyote viwili huweza kupita kwenye dishi lilelile na setilaiti ileile. Tofauti iko kwenye malipo. Wi-Fi huwa imelipiwa na mwenye meli, au huuzwa kwa kadi zenye bei inayojulikana kabla ya kutumia. Mtandao wa simu hutozwa kupitia laini ya mfanyakazi mwenyewe, na bei yake huijua baadaye.

Simu ikipoteza Wi-Fi kwa dakika chache, pengine kwa sababu mtu ameteremka kwenye chumba cha mitambo chenye kuta za chuma, inaweza kuhamia kwenye mtandao wa simu bila kumuuliza. Mtu anaendelea kutazama mpira akidhani bado yuko kwenye Wi-Fi.

Teknolojia yenyewe imekuwa nafuu kwa kasi. Starlink ilipoanzisha huduma ya meli Julai 2022, ilitangaza bei ya dola 5,000 kwa mwezi na dola 10,000 za vifaa. Baadaye bei hizo zilishuka. Setilaiti zake huzunguka takriban kilomita 550 tu kutoka ardhini, ndiyo maana sauti haichelewi kama ilivyokuwa kwenye mfumo wa zamani. Kwa mwenye meli yenye wafanyakazi 20, kuwapa intaneti si anasa tena kama ilivyokuwa miaka 10 iliyopita. Kinachobaki ni uamuzi wake, na shinikizo la sheria.

Haki iliyoandikwa

Sheria ipo. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, unaoitwa pia katiba ya haki za mabaharia, uliridhiwa na Kenya mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019. Mwaka 2022 nchi wanachama wa ILO ziliufanyia marekebisho, ambayo yalianza kutumika tarehe 23 Desemba 2024.

Marekebisho hayo yalizaliwa na uchungu wa janga la UVIKO-19. Bandari zilipofungwa, mamia ya maelfu ya mabaharia walikwama melini baada ya mikataba yao kumalizika, wengine wakipitisha zaidi ya mwaka mmoja bila kukanyaga nyumbani. Wakati huo, kuwa na intaneti au kutokuwa nayo kulikuwa ni kumwona mtoto mchanga aliyezaliwa baba akiwa safarini, au kutomwona.

Sasa mkataba unataja wazi kwamba huduma za burudani na ustawi melini zijumuishe mawasiliano na jamii iliyo nchi kavu. Mwongozo wake unasema wenye meli, kadiri inavyowezekana, wawapatie mabaharia intaneti, na kama kuna malipo, yawe ya kiasi kinachostahili. Serikali nazo zimeelekezwa kufanya vivyo hivyo kwa meli zilizo katika bandari zao na zile zilizotia nanga nje zikisubiri zamu.

Kipengele hicho cha mwisho kinaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Meli inayosubiri kuingia Dar es Salaam au Mombasa inaweza kukaa nangani kwa siku kadhaa, taa za jiji zikionekana. Wafanyakazi wake wanaziona nyumba za watu lakini hawana laini ya nchi hiyo, na hawaruhusiwi kushuka kununua. Wanaofanikiwa kushuka huelekea kwenye vituo vya kuhudumia mabaharia, kama kile cha Mission to Seafarers mjini Mombasa, ambako kati ya mambo ya kwanza wanayoulizia ni Wi-Fi.

Mwongozo si amri. Nchi inatakiwa kuuzingatia ipasavyo inapotunga kanuni zake, na maneno "kadiri inavyowezekana" yanaacha mlango wazi. Ndiyo maana kazi imebaki kwa Mamlaka ya Masuala ya Bahari ya Kenya na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), ambazo zina uwezo wa kuuliza swali hilo zinapokagua meli na mikataba ya ajira: intaneti ipo, na inauzwa kwa bei gani?

Walioachwa ufukweni

Si kila anayefanya kazi majini analindwa na mkataba huo. Meli za uvuvi hazimo. Vyombo vya asili kama majahazi vimetajwa kwa jina kuwa nje yake, kwa hiyo nahodha wa jahazi la Lamu au la Unguja hana cha kudai hapo. Wavuvi wana mkataba wao, namba 188 wa mwaka 2007, ambao haujaridhiwa na nchi nyingi.

Wafanyakazi wa mitambo ya gesi nao wako katikati, kwa kuwa kila nchi huamua yenyewe kama mtambo unaoelea uhesabiwe kuwa meli au la. Jambo hilo si la mbali. Kusini ya Mtwara, ng'ambo ya mto Ruvuma, mtambo wa Coral Sul unaoendeshwa na kampuni ya Eni ya Italia ulisafirisha shehena yake ya kwanza ya gesi iliyosindikwa Novemba 2022. Una urefu wa mita 432 na malazi ya watu 350, na upo takriban kilomita 50 kutoka pwani ya Cabo Delgado, nje ya uwezo wa mnara wa kawaida wa GSM. Tanzania nayo ina gesi iliyogunduliwa kwenye kina kirefu cha bahari, mbele ya pwani ya Lindi na Mtwara. Siku itakapoanza kuchimbwa, swali la simu za wafanyakazi litakuwa swali la nyumbani.

Kuna pia wanaoingia romingi bila kuondoka nchini mwao. Kwenye maji yaliyo kati ya Vanga, Tanga na Pemba, karibu na mpaka wa bahari wa Kenya na Tanzania, simu ya mvuvi inaweza kunasa mnara wa jirani kwa sababu tu upepo umeipeleka ngalawa upande huo. Hali ni hiyohiyo kwenye Ziwa Victoria, linalogawanywa na nchi tatu, na Ziwa Kivu, ambako jukwaa la KivuWatt linavuta gesi ya methani takriban kilomita 13 kutoka ufukwe wa Rwanda na kuzalisha megawati 26 za umeme. Upande wa pili wa ziwa hilo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022.

Eneo Moja la Mtandao lilianza na simu za sauti, na nchi wanachama hazikuingia zote kwa wakati mmoja. Maji ya mpakani ndiyo yanayoonyesha pengo hilo waziwazi, kwa kuwa nchi kavu mtu hujua amevuka. Ziwani hana alama.

Bili hutolewa nchi kavu

Watetezi wa hali ilivyo husema hakuna mdhibiti wa Afrika Mashariki anayeweza kuipangia bei setilaiti. Hoja hiyo ni ya kweli, ila ni nusu ya ukweli. Hata Umoja wa Ulaya, ulioondoa gharama za ziada za romingi kati ya nchi wanachama tarehe 15 Juni 2017, haukufuta bei za mitandao ya melini. Ulichofanya ni kuibana kampuni ya nyumbani. Kanuni za mwaka 2022 zinazitaka kampuni zimtahadharishe mteja anapoingia kwenye mtandao wa meli au ndege, na ukomo wa euro 50 kwa data, kabla ya kodi, huzuia bili isiendelee kupanda bila ridhaa yake.

Fundisho kwa Afrika Mashariki ni rahisi. Bahari haina mdhibiti, lakini bili hutolewa nchi kavu, na kampuni yenye leseni ya Nairobi, Dar es Salaam, Kampala, Kigali au Bujumbura. Mamlaka za mawasiliano za nchi hizo zinaweza kuamuru mambo matatu bila kuigusa setilaiti hata moja. Romingi ya mitandao ya 901 iwe imefungwa hadi mteja aombe ifunguliwe. Ujumbe wa bei utumwe, kwa lugha anayoielewa, kabla ya MB ya kwanza kutozwa. Na pawepo ukomo wa matumizi ambao hauvukwi bila idhini.

Shirika la Mawasiliano la Afrika Mashariki (EACO), lenye makao yake Kigali, ni meza iliyopo tayari kwa mazungumzo hayo. Sasa Somalia, yenye pwani ndefu kuliko nchi yoyote ya Afrika bara, imekuwa mwanachama wa Jumuiya tangu 2024, na pwani ya Jumuiya inaanzia Ruvuma hadi Ghuba ya Aden. Ni vigumu kuendelea kuuita mtandao kuwa mmoja huku ukiishia ufukweni.

Kabla ya kung'oa nanga

Wakati kanuni zikisubiriwa, mfanyakazi ana hatua chache za kujilinda.

La kwanza ni kuzima romingi ya data kwenye mipangilio ya simu kabla meli haijaondoka gatini, kisha kuwasha hali ya ndegeni na kurudisha Wi-Fi peke yake. La pili ni kuzima usasishaji wa programu na upakuaji wa picha na video usioombwa. La tatu ni kufuta maelekezo ya kupeleka simu kwenye kisanduku cha sauti, kwa sababu simu isiyopokelewa nayo huweza kutozwa ikielekezwa huko.

Kuna mtego mmoja katika ushauri huo. Kwa familia nyingi za pwani, laini ya simu ndiyo benki. Miamala ya kubonyeza nyota na reli haipiti kwenye Wi-Fi, na benki hutuma namba za siri za muda kwa ujumbe mfupi. Anayezima laini kabisa kwa miezi tisa anajilinda na bili, lakini hawezi kutuma ada ya shule, na laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika inaweza kufungwa na namba kupewa mtu mwingine. Ni busara kumuuliza mtoa huduma mapema: kupokea ujumbe mfupi melini ni bure? Laini isiyotumika hufungwa baada ya muda gani? Je, programu ya pesa inafanya kazi kwa Wi-Fi ya ugenini?

Swali la mwisho ni la wakala wa ajira, na linafaa kuulizwa mkataba ukiwa bado haujasainiwa. Mabaharia wamezoea kuuliza mshahara, muda wa safari na nauli ya kurudi. Tangu Desemba 2024 wana haki ya kuongeza la nne: intaneti iko ndani ya meli, kwa kiasi gani kwa siku, na nani anailipia? Jibu likiandikwa kwenye mkataba, ofisa anayekagua meli bandarini atakuwa na kitu cha kushika.